Mishipa minne inayolisha ubongo

Haya jamani, walioko nyuma mnanisikia? Sawa. Weka vidole viwili shingoni, pembeni ya koromeo, taratibu tu, na upande mmoja, usibane pande zote mbili kwa pamoja tafadhali, sitaki mtu azimie hapa. Hiyo inayodunda ndo karotidi. Inatoka kifuani, ikifika karibu na hapo ulipogusa inagawanyika, tawi moja linalisha uso na ngozi ya kichwa, jingine linanyoosha moja kwa moja mpaka ndani ya fuvu. Unazo mbili, kulia na kushoto. Halafu kuna mbili nyingine hizo huzigusi, zinaitwa vetebra, zinapanda kwa nyuma ndani ya vitundu vya pingili za shingo, mara nyingi kuanzia pingili ya 6, na zikishaingia kichwani zinaungana zinakuwa mshipa mmoja, basila.

Hiyo minne ndo inayoleta kama mililita 750 za damu kila dakika. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako ila unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni, na hauna akiba ya maana, damu ikisimama kabisa sekunde kama 10 hivi umeshapoteza fahamu.

Sasa chini ya ubongo mishipa hii inakutana kwenye duara, tuseme kipilefti, njia moja ikifunga magari yanazungukia upande mwingine. Thomas Willis, daktari wa Oxford, aliliandika vizuri mwaka 1664, na michoro alichorewa na Christopher Wren, huyohuyo aliyekuja kujenga kanisa la St Paul's London. Willis alipasua maiti ya mtu ambaye karotidi ya kulia ilikuwa imeziba kabisa, na jamaa hakuwahi kupooza, alikufa kwa ugonjwa mwingine, na vetebra ya upande uleule ilikuwa imetanuka kufidia! Ila msitembee kifua mbele, maana watu wengi sana duara lao halijakamilika, kuna kipande chembamba kama uzi au hakipo kabisa, na mwenye nalo hajui mpaka siku ya siku.

Kwenye duara hilo, kila upande unachomoka mshipa wa mbele, wa kati na wa nyuma, kila mmoja unalisha eneo lake la ubongo, ndo maana kiharusi cha huyu si cha yule. Mshipa wa kati wa kushoto ukiziba, mdomo unapinda, mkono wa kulia unalegea na maneno yanagoma, mama anakuangalia anataka kusema "maji" haliji. Ukiziba wa mbele, mguu ndo unaumia zaidi. Wa nyuma unagusa kuona, mtu anaanza kujigonga kwenye milango kwa upande mmoja watu wanasema karogwa, kumbe nusu ya anachokitazama haipo.

Kuna swali pale, presha inaletaje kiharusi. Presha inapenda vile vimishipa vyembamba vinavyochomoka kwenye mshipa wa kati kuzama ndani ya ubongo, hivyo vimeshapita duara, havina wa kuvisaidia, kimoja kikiziba kile kipande chake kimekufa, na miaka ya presha inavifanya kuta zake ziwe dhaifu mpaka vingine vinapasuka. Na presha haiumi, mtu anakwambia dawa niliacha mwezi wa tatu, mbona niko fiti tu dokta.