Nusu Ngumu ya Nyumba: Udongo, Hati na Malata katika Lubumbashi

Baba na mama, masoni mnaotujengea kuta, wakubwa wa mitaa, na ninyi wa likelemba, vikundi vya kuchangiana akiba kwa zamu, mliofunga meza za soko mapema ili mfike, karibuni.

Swali lililotukusanya ni hili: ofisi ya komini, au shirika la mtaa lenye mfuko mdogo, linaweza kumsaidiaje mtu wa Katuba, Kenya au Ruashi, komini (sehemu) za mji wetu wa Lubumbashi, apate nyumba bila kumbebesha deni litakalomvunja mgongo? Jibu langu nalitanguliza ili mnipime nalo. Ofisi isijenge nyumba nzima. Ijenge ile nusu ambayo familia haiwezi kujijengea, kisha iisimamie familia inapomaliza iliyobaki. Pesa za serikali zinaisha haraka zinaponunua vitu ambavyo watu wangevifanya wenyewe, na zinapelea pale ambapo mtu mmoja hana nguvu.

Mji huu uliwahi kufanya kazi kwa njia hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Ferdinand Grévisse alipokuwa mkubwa wa distrikti, ofisi ya Centre extra-coutumier, iliyosimamia mitaa ya Waafrika mjini, iligawa lupango, yaani viwanja, ikatoa vifaa kwa mkopo, ikaweka ramani na wasimamizi. Mwenye nyumba alitafuta masoni wake na kuchunga kazi yake. Sehemu kubwa ya Katuba ilianza hivyo. Mwaka 1952 ilianzishwa Office des cités africaines, ofisi ya kujenga mitaa ya Waafrika, iliyopenda zaidi kujenga nyumba kamili kwa wingi, mstari baada ya mstari. Siusifu utawala ule wa Wabelgiji. Ulikuwa mji wa ubaguzi, na zone neutre, eneo lililoachwa wazi, ilikuwa palepale kutenganisha Mwafrika na Mzungu. Ila njia ile ya kutoa lupango, vifaa na usimamizi ni njia nzuri, na haidai kurudi kwa wale walioileta.

Mbali na hapa, mjini Iquique, Chile, timu ya Elemental ya msanifu Alejandro Aravena ilipewa mwaka 2003 kazi ya kuwapatia makao familia zaidi ya 90 zilizokuwa zikiishi kwenye vibanda katikati ya mji. Ruzuku ilikuwa dola 7,500 kwa familia, na humo humo itoke ardhi, mabomba na nyumba. Pesa hiyo haikutosha nyumba ya kawaida. Wangeweza kuwahamishia watu pembezoni ambako ardhi ni rahisi, lakini huko hakuna kazi wala shule. Wakaamua kubaki katikati na kujenga nusu ya kila nyumba: kuta zinazobeba, ngazi, jiko, bafu na paa. Nafasi ya nusu ya pili iliachwa wazi, imepimwa, kila familia ijaze kadiri ya uwezo wake. Jambo la kuliangalia hapo ni nusu ipi iliyojengwa. Ilikuwa ile ngumu.

Sasa kwetu nusu ngumu ni ipi? Si ukuta. Lubumbashi imejaa watu wanaojua kusimamisha ukuta. Vigumu kwetu ni hati ya lupango, msingi pamoja na mfereji wa maji, shenaji (mkanda unaofunga kuta juu) na malata (mabati ya paa), na choo kilichochimbwa mbali na kisima. Na kuna kimoja ambacho wengi hawakihesabu, nacho ni kupima udongo. Hapo nitakaa kidogo, maana hapo ndipo pesa za maskini zinapopotelea.

Udongo wetu mwingi wa matofali unatoka kwenye vichuguu. Vile vichuguu vikubwa vya msitu wa miombo, vinavyompita mtu mara tatu au nne kwa urefu, vina udongo wa mfinyanzi mzito uliopandishwa na mchwa kwa miaka mingi. Unashikana vizuri na unafinyangika vizuri, ndiyo maana watu wanaupenda. Una magonjwa mawili.

La kwanza ni chokaa. Chukueni tofali lililochomwa la kichuguu, livunjeni, mtaona vidoa vyeupe kama punje za mahindi. Ndani ya vichuguu vingi vya Katanga ya Juu kuna vijiwe vya chokaa. Vikiingia tanuruni vinageuka chokaa hai. Tofali linatoka likiwa zuri, jekundu, linalia ukiligonga. Mvua ya kwanza ikinyesha, chokaa kinakunywa maji, kinavimba, na uso wa tofali unabanduka vipande vya duara. Mwenye nyumba anamlaumu masoni, naye masoni hana kosa. Kupima ni rahisi: nyunyiza maji ya ndimu kali juu ya vile vijiwe. Vikitoa povu, ni chokaa. Udongo huo uchekechwe kabla ya kufinyangwa, au uachwe kwa kazi isiyochomwa.

La pili ni kusinyaa. Udongo wenye mfinyanzi mwingi unapokauka unajikunja, na tofali linapasuka. Na moto nao unataka miti, na msitu unaozunguka mji tayari unaliwa na makala, yaani mkaa. Kwa hiyo ninawaomba mtazame tofali la kushindilia, lisilochomwa, lenye simenti kidogo. Mashine yake ya mkono ya kwanza, CINVA-RAM, ilibuniwa Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950: sanduku la chuma, kifuniko, na mpini mrefu unaosukumwa na mtu mmoja. Fundi mzuri wa kuchomelea wa hapa anaweza kuunda ya namna hiyo.

Kabla ya kununua mfuko hata mmoja wa simenti, tengenezeni kisanduku cha mbao kisicho na kifuniko: ndani urefu sentimita 60, upana 4, kina 4. Pakeni mafuta ndani. Lowesheni udongo uwe laini, ushindilieni humo hadi pembeni, sawazisheni juu. Wekeni juani siku 3, au kivulini siku 7. Kisha sukumeni udongo wote uende upande mmoja na mpime pengo lililobaki. Pengo likiwa chini ya milimita 15, sehemu 1 ya simenti inatosha sehemu 18 za udongo. Kati ya 15 na 30, ni 1 kwa 16. Kati ya 30 na 45, ni 1 kwa 14. Kati ya 45 na 60, ni 1 kwa 12. Likipita 60, msiutumie ulivyo. Changanyeni na mchanga mkubwa wa mto au udongo wa kichanga, mjaze kisanduku tena. Mimi ningetengeneza visanduku vitatu, vyenye mchanganyiko tofauti, kwa siku moja. Vipande vya mbao havigharimu kitu.

Faida yake ihesabuni pamoja nami. Tuchukue nyumba ya vyumba viwili, mita 6 kwa 4, na ukuta mmoja wa kugawa. Urefu wa kuta zote, pamoja na ule wa kugawa, ni mita 24, kwenda juu mita 2.5, toa milango na madirisha, tunabaki na kama mita 54 za mraba. Tofali la sentimita 29 kwa 14 kwa 10, likijengwa kwa unene wa 14, mita moja ya mraba inakula kama 30. Ni 1,600, na pamoja na yatakayovunjika tuseme 1,750. Mfuko wa kilo 50 una kama lita 35. Kwa kipimo cha 1 kwa 12 unatoa matofali kama 63, kwa hiyo nyumba inadai mifuko 28. Kwa 1 kwa 18 unatoa kama 94, na nyumba inadai 19. Mifuko 9 imeokolewa na mchanga na kisanduku cha mbao. Kwa mama anayeweka akiba kwa likelemba, mifuko 9 ni mwezi mzima au zaidi.

Kazi yenyewe iendeshwe hivi. Chekecheni udongo kwa wavu wa milimita 5. Changanyeni na simenti ukiwa mkavu hadi rangi iwe moja, bila michirizi. Nyunyizeni maji kwa chombo chenye matundu, msiyamwage kwa ndoo. Fanyeni donge mkononi, mliachie lianguke kutoka kimo cha kifua kwenye sakafu ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, maji yametosha. Likisambaa kama unga, ongezeni. Likibaki donge moja, mmezidisha. Mchanganyiko uliolowa usipite dakika 45. Hapa ndipo vikundi vingi vinaharibu: asubuhi wanalowesha lundo la siku nzima, na kufikia saa sita za mchana simenti imeshaanza kukamata ndani ya lundo. Tofali la jioni linaonekana kama la asubuhi, lakini ukilikwaruza kwa msumari siku ya kumi linatoa vumbi.

Halafu maji ya baada ya kufyatua. Matofali yakae wiki nzima chini ya plastiki, yakinyunyiziwa kila siku, yapangwe ngazi zisizozidi tano. Kiangazi chetu, hasa Agosti na Septemba, upepo ni mkavu na jua ni kali. Tofali lililoachwa wazi linanyang'anywa maji kabla simenti haijayatumia. Wiki tatu za kukauka zifuate ndipo lijengwe. Kabla ya hapo, zamisheni moja ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Likitoka na pembe zake zote, jengeni.

Mashine nayo inachoka. Pini zinalika, kifuniko kinalegea, tofali linatoka na sentimita 10.5 badala ya 10, na masoni anafidia kwa chokaa kinene cha kuungia. Kateni kijiti cha sentimita 10 kamili mkipime tofali la kwanza la kila saa. Na chokaa hicho cha kuungia kiwe cha udongo uleule na simenti kidogo zaidi. Chokaa kigumu kuliko tofali kinalifanya tofali lenyewe lipasuke badala ya kiungo.

Tofali hili halipendi maji ya miguuni. Mistari ya chini, hadi sentimita 30 au 40 juu ya ardhi, iwe ya mawe au matofali yaliyochomwa vizuri, na malata yatokeze nje ya ukuta sentimita 60. Mvua yetu ya Januari inaruka kutoka chini kama inavyoanguka kutoka juu. Ofisi ikiwa na pesa za vitu viwili tu, itoe msingi na paa. Ukuta mbaya unarekebishika. Paa fupi linakula ukuta mzuri kila masika.

Nije kwenye hati. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, ardhi yote ni ya Serikali, na sisi tunapewa haki ya kuitumia. Mkongomani anaweza kupata haki ya daima. Shirika linapata haki ya miaka isiyozidi 25, inayoweza kufanywa upya. Nyumba iliyojengwa juu yake inaweza kuwa mali ya mtu, ikiwa ardhi ilitolewa kwa njia halali na haki hiyo ikaandikwa. Karatasi ya mtaa inaonyesha kwamba unajulikana. Haikulindi mbele ya mahakama kama cheti cha uandikishaji.

Kutokana na sheria hii, kuna njia ambayo vikundi vyetu havijaitumia vya kutosha. Mjini Voi, katika nchi ya Kenya, wakaaji wa mtaa wa Tanzania-Bondeni katika miaka ya 1990 waliamua ardhi ishikwe na jumuiya na nyumba ziwe za familia. Waliogopa, na waliogopa kwa haki, kwamba mtaa ukishapata maji na barabara matajiri wangenunua lupango moja moja hadi maskini waishe. Shirika lenye utu wa kisheria, chini ya sheria ya 2001 ya mashirika yasiyo ya faida, linaweza kuombea haki ya ardhi kwa kundi zima, na familia zikamiliki nyumba. Hatari iko kwenye hiyo miaka 25. Mtu lazima aandikwe jina, anayejua tarehe na anayeanza kuomba upya miaka miwili kabla. Na karatasi za nyumba ziandikwe majina ya mume na mke. Tangu Kanuni ya Familia irekebishwe mwaka 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili afunge mkataba; badala yake mume na mke wote wawili wanatakiwa wakubaliane.

Mkopo pia uende kwa kundi. Thailand, ofisi ya umma ya CODI, kwa mpango wake wa makao wa Baan Mankong ulioanza mwaka 2003, haimkopeshi mtu mmoja mmoja. Kundi linaweka akiba kwanza asilimia 10 ya mkopo, ndipo linapewa, nalo linachagua ramani na fundi. Likelemba zetu tayari zina nidhamu hiyo. Zinachokosa ni daftari linalosomeka na mtu wa tatu, na sanduku dogo la dharura la kumlipia anayeugua, ili kifo au homa ya mtu mmoja isilivunje kundi zima.

Mama wa mbele ameuliza: waanze lini? Kupima udongo na kufuata karatasi, sasa hivi, mvua zikiwa bado zinanyesha. Aprili chimbeni na kuchekecha. Mei na Juni fyatueni: watu watano na mashine moja wanatoa kama 300 kwa siku, kwa hiyo nyumba moja ni siku sita, na mashine inahamia lupango ya jirani. Julai msingi na mfereji. Agosti na Septemba kuta, kisha shenaji, na nguzo za paa zipakwe dawa dhidi ya mchwa, maana mchwa aliyetupa udongo atakuja kudai mbao. Kabla ya mwisho wa Oktoba malata yawe juu. Kikundi kisichoweza kufika hapo kwa nyumba kumi kifyatue za nne, na matofali ya zile sita yakae chini ya plastiki, juu ya mbao, yakisubiri kiangazi kingine.