Barafu Isiyofika Lamu

Asalaam aleikum. Nawashukuru kwa kuniita ndani ya Ngome hii ya Lamu nizungumzie jinsi barafu ya mbali ilivyoibadilisha bahari yetu, maana kielelezo changu cha kwanza ni ukuta mliouegemea.

Tazameni pale chokaa ilipobanduka. Jiwe lina vijitundu, na mwenye macho makali ataona vinyota ndani yake. Ni matumbawe. Ngome ilikamilika 1821, lakini tumbawe hukua majini tu, na mafundi wetu hawakupiga mbizi kulitafuta. Walilikata machimboni, nchi kavu. Basi ama jiwe lilipanda, ama bahari ilishuka. Kwa pwani yetu, jibu kubwa ni la pili. Yapata miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto, na bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9. Sehemu kubwa ya mwamba wa matumbawe wa pwani ya Kenya ni masalio ya nyakati kama hizo.

Kisha ikaja baridi. Theluji ilianguka Kanada na kaskazini ya Ulaya isiyeyuke, mwaka juu ya mwaka, hata ikagandamana kuwa barafu yenye unene wa kilomita 3 na zaidi mahali pengine. Maji hayo yalitoka wapi? Baharini, na hii yetu ilitoa sehemu yake. Miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa imeshuka kama mita 120. Manahodha mlio hapa, hizo ni pima 65! Mtu angetoka Lamu akaenda Manda, akaendelea hadi Pate, kwa miguu, bila kumlipa mwenye mashua. Unguja nayo ilishikana na bara, ndiyo sababu ilikuwa na chui wake. Pemba haikushikana. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, ikabaki kisiwa.

Sasa nataka mfikirie baraza. Nyumba ya Lamu haikutupi barabarani moja kwa moja. Kuna baraza kwanza. Bara nalo lina yake: sehemu ya chini ya bahari yenye maji mafupi, kabla ya kuporomoka kwenye kilindi. Ya kwetu ni nyembamba, ila mbele ya Ghuba ya Ungwana inapanuka. Bahari iliposhuka, baraza ikaanikwa juani. Mito ikalazimika kukimbia mbali zaidi na chini zaidi, ikachimba mabonde, na maji yaliporudi yakayazamisha. Hori la Kilifi, Mtwapa, hata Kilindini ambako meli kubwa hutia nanga, ni mabonde ya mito yaliyozama. Barafu yenyewe haikutia mguu hapa. Ilikuwako Mlima Kenya, na Bonde la Teleki, pana chini kama karai, ni kazi yake. Lakini huko na bahari ni mbali.

Barafu ilikofika baharini ilifanya mambo mengine kabisa. Mto ukifika baharini huishiwa nguvu. Barafu haijali. Yenye unene wa mita 1,000 haielei mpaka ipate maji ya mita 900 hivi, kwa hiyo huendelea kuparuza mwamba chini kabisa ya usawa wa bahari. Sognefjord, hori lililochimbwa na barafu kule Norwei, ina kina kinachopita mita 1,300, lakini mdomoni maji ni mafupi mno, kwa kuwa barafu ilipotoka kwenye kuta za milima ilitawanyika, ikalegea. Nahodha wa Shela angeshangaa: anatoka nje na bildi, ile timazi ya kupimia kina, inagusa chini mapema! Antaktika ni zaidi. Baraza yake iko wastani wa mita 500 chini ya maji, tena imeinama kuelekea mlangoni, yaani upande wa bara. Fundi wa Lamu akijenga hivyo atafukuzwa.

Tena barafu ni nzito. Iliibonyeza ardhi kama mtu aliyelalia godoro, na godoro lile bado linainuka. Kvarken, kati ya Uswidi na Ufini, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia kama mji wetu, hupanda milimita 8 hadi 9 kila mwaka. Huko visiwa vipya huchomoza, na bandari za zamani zimeachwa nchi kavu.

Naam, kijana wa nyuma anauliza kama barafu iliyobaki inatuhusu sisi. Sana. Ya Greenland peke yake, ikiyeyuka yote, ingeinua bahari kama mita 7. Na msidhani kila mahali patapata sawasawa. Barafu kubwa huvuta maji kuelekea kwake. Ikipungua, mvuto unalegea: bahari iliyo jirani nayo inashuka, na sisi wa mbali tunapata zaidi ya wastani.

Bi mkubwa, wewe sasa. Mkono wako uko juu tangu nilipotaja Pemba.