Namba Hii Hutafutwa Mchana
(Mhadhara kwa wazazi na vijana, Malindi)

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote. Mwenye simu ya intaneti naomba aitoe sasa hivi, atafute namba ambayo mtu aliyechoka na maisha anaweza kuipiga. Andika kwa lugha uitakayo. Nawasubiri.

Haya. Huyu mama amepata Befrienders Kenya, shirika la kuwasikiliza waliokata tamaa, vizuri. Kijana, wewe? 988. Na mwenzako? 988 vilevile. Namba hiyo si ya matapeli, lakini ni ya Marekani, ilianza kutumika kule Julai 2022. Ukiwa hapa Maweni haikufai kitu. Na yule bwana ananionyesha picha ya bango aliyotumiwa WhatsApp, haina tarehe wala jina la waliolitoa. Sasa nyinyi mmekula, mmelala, mna akili zenu, na bado hatujakubaliana namba. Je, mtu aliyekaa kitandani saa nane za usiku, mikono inamtetemeka, ataweza?

Ndiyo maana nasema namba hii hutafutwa mchana, na mwenye kuitafuta ni yule aliye salama. Nahodha hukagua nanga jahazi likiwa bado bandarini.

Basi andikeni. 1199, ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Wengi mnawajua. Mwaka 2023, miili ya wafuasi wa mhubiri waliofunga hadi kufa ilipokuwa ikifukuliwa msitu wa Shakahola, wao ndio walioweka meza ya kusajili waliopotea pale hospitali ya Malindi. Namba yao ni bure. 116 ni ya watoto, ya Childline Kenya, bure usiku na mchana, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe bila kushikiwa simu na mkubwa. 1195 ni kwa anayepigwa au aliyebakwa. 1192 ni ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya, mambo ya ulevi na unga, na hapa Malindi sina haja ya kueleza unga ni nini. Iko pia 0800 723 253, ya Emergency Medicine Kenya Foundation, kwa anayefikiria kujiua, nayo haina malipo. Ile ya Befrienders aliyoipata mama, 0722 178 177, ni namba ya kawaida, hukata salio.

Hapo kwenye salio pana jambo. Mwenye dhiki mara nyingi ndiye huyohuyo asiye na hata shilingi kumi kwenye laini. Zile namba fupi zinapigika kwa kabambe, ile simu isiyo na intaneti, bila bando, bila kukopa salio, kwa hiyo hifadhi hizo kwanza. Na ukizihifadhi, jina ni lako kuchagua. Nyumba zetu simu moja hushikwa na mume, na shemeji, na mtoto anayetaka kucheza gemu. Andika "Fundi Mfereji", andika "Shangazi Mombasa". Ukishapiga, kumbuka orodha ya simu ulizopiga bado imo; ifute ukiona itakuletea maneno.

Kisha mzijaribu. Ndiyo mama, unaweza kupiga ukiwa mzima. Piga zile za watu wazima mchana, sema, "Mimi kwa sasa sina tatizo, nataka kujua mnapokea saa ngapi, na kama kuna anayezungumza Kiswahili." Ukijibiwa shukuru ukate, uwaachie wengine laini. Isipopokelewa, afadhali umejua leo. Miradi hukosa fedha ikafungwa, namba zikafa, bango likabaki ukutani. Kwa maoni yangu, kubandika namba usiyowahi kuijaribu ni kumdhulumu mtu ambaye hana nguvu ya kujaribu mara ya pili.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nikipiga, watanifanya nini? Watakusikiliza. Mtu atapokea, atakusalimu, atakuuliza umekuwaje. Kama hujui pa kuanzia, sema, "Nimechoka, sijui nianzie wapi." Yatosha. Atakuuliza pia waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Usishtuke. Huku kwetu tunaamini kulitaja ni kuliita. Watafiti wamelichunguza hilo na hawakuona kwamba kuuliza kunamtia mtu wazo. Aghalabu mtu hushusha pumzi, kwa kuwa hatimaye amepatikana wa kulitaja. Akiona uhai wako uko hatarini wakati ule, ataomba umwambie uliko ili msaada ukufikie.

Na polisi? Hofu hiyo haikuzuka hivihivi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kifungo hadi miaka miwili. Familia zikajifunza kuficha. Mgonjwa anafikishwa hospitali, anaulizwa kilichotokea, na watu wote walioandamana naye wanaitazama sakafu. Daktari atatibu nini? Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Anayekutisha nacho mwambie hukumu ilishatoka.

Hebu niwape kisa cha kasisi mmoja wa Uingereza, Chad Varah. Mwaka 1935 alimzika msichana wa miaka kumi na minne aliyejiua. Mtoto yule alikuwa ameona hedhi, akadhani ni maradhi ya aibu, wala hakuwa na wa kumuuliza. Kasisi hakulisahau kaburi lile. Mwaka 1953, katika kanisa lake London, akafungua simu ya kupokea waliokata tamaa. Waliomjia ana kwa ana walikuwa wengi hata ikabidi wangoje zamu, na waliojitolea kumsaidia wakawa wanawaandalia chai na kupiga nao soga. Muda si muda kasisi akagundua kwamba baadhi yao wakishakunywa chai wanaaga, wanakwenda zao, hawana haja naye tena. Kazi ilikuwa imeshafanywa na yule wa chai! Akaiachia kazi ya kusikiliza mikononi mwao, na hao ndio Samaritans. Befrienders ni wa ukoo huohuo.

Msinielewe vibaya, daktari anahitajika, na dawa zinahitajika. Lakini huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wawasikilize na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Matokeo ya utafiti wao yalitoka 2016. Baada ya miezi sita, katika kila watu mia waliokaa na bibi, kama 14 ndio waliobaki na dalili za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Katika waliopata huduma ya kawaida, kama 50. Mabibi Malindi tunao, na baraza za kukalia tunazo. Tunachokosa ni kuwafundisha namna ya kunyamaza mwenzao anaposema. Naona mnacheka, lakini hiyo ndiyo sehemu ngumu.

Ndipo anapoingia mwenzio aliyepita njia uliyopita. Aliyewahi kutumia unga akaacha hatakwambia "acha ujinga", maana anajua arosto ya alfajiri, yale maumivu ya mwili kukosa unga, ikoje. Hapahapa Malindi tuna Omari Project, ilianza miaka ya 1990 kwa ajili ya watumiaji wa heroini. Aliye na kijana wake aulizie huko. Ila tofautisheni. Mwenzio ni wa zile siku ndefu, Jumanne usiku unapokaribia kuteleza. Uhai ukiwa hatarini, usimtwike yeye peke yake. Piga 1199, kisha mwite mwenzio aje akae nawe.

Kuna aliyeniuliza nje kama haya ni kuwakimbia mashehe na wachungaji. Hapana. Kasomewe, kaombewe. Shehe mwenye busara akisikia mtu anasema anataka kufa, humaliza kisomo akamtafutia wa kuandamana naye hospitali.

Na simu ikiita bila kupokelewa? Piga ya pili katika zile ulizoandika. Kama unapiga kwa ajili ya mtu mwingine, usitoke chumbani kwenda kutafuta mtandao ukamwacha peke yake, mtume jirani. Ondoa vitu anavyoweza kujidhuru navyo, wala usimhutubie kuhusu dhambi. Asipotulia, nendeni hospitali usiku huohuo, na mkifika mwambieni muuguzi ukweli mlangoni kabla hajauliza. Nyinyi wa bodaboda, mkiitwa kwa safari ya namna hiyo, habari ya nauli ije baadaye, na nyuma yake apande wa kumshika.

Mzee wangu, nimeuona mkono wako tangu zamani. Uliza.