Makazi na Matunzo ya Samaki wa Dhahabu Katika Miji ya Joto

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika nizungumze juu ya samaki wa dhahabu, kiumbe ambaye wengi humnunulia watoto wakijua fika kwamba baada ya wiki chache atakufa. Maumbile yake hayasemi hivyo. Akitunzwa ipasavyo huishi miaka 10 hadi 15, wapo wanaopita 20, na huko Uingereza samaki aliyeitwa Tish, aliyepatikana kama zawadi ya mchezo kwenye maonyesho mwaka 1956, aliishi hadi mwaka 1999. Nitakalolitetea leo ni kwamba samaki huyu hana udhaifu tunaomsingizia. Anayoyakosa ni maji, na katika mji wenye joto kama huu wetu wa Dar es Salaam, upungufu wa maji humuua haraka kuliko anavyokufa kwingine.

Wachina ndio waliomfuga kwanza, wakiteua wale wenye rangi nyekundu na ya dhahabu kutoka katika samaki wa kijivu wa ukoo wa kapu (kwa Kiingereza carp), na katika enzi ya Song, iliyoanza mwaka 960, ufugaji huo katika mabwawa ulikuwa umeshashamiri. Enzi ya Ming ndiyo iliyowaingiza ndani ya nyumba, lakini waliwekwa katika vyombo vikubwa vya kauri vyenye midomo mipana, na upana huo una maana kubwa, kwa kuwa hewa ya oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji. Bakuli la kioo la duara linalouzwa madukani, likijazwa hadi shingoni, hubakiwa na uso mdogo mno. Nchini Italia mji wa Monza ulipiga marufuku mabakuli ya namna hiyo mwaka 2004, na Roma ikafuata mwaka 2005. Sidhani kama sisi tunahitaji sheria, ila natamani wauzaji wetu waache kuuza samaki na bakuli kama kifurushi kimoja.

Sasa tuingie katika jambo ambalo ndilo kiini cha ufugaji wote, nalo ni uchafu wa samaki mwenyewe. Samaki wa dhahabu hula sana, hana tumbo la kuhifadhia chakula, na mchana kutwa hutoa amonia, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua anayopumulia. Amonia haionekani, na maji yanayong'aa kabisa yanaweza kuwa yameshajaa sumu hiyo, ndiyo maana ninasisitiza kwamba macho hayatoshi na kila mfugaji awe na vipimo vya maji. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria wanaojishikiza kwenye sponji ya chujio, kwenye mawe na kwenye kuta. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa mradi tunaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huhitaji kwa kawaida wiki nne hadi sita kujijenga. Anayenunua tangi na samaki siku moja, kwa hiyo, anamtia samaki katika nyumba isiyo na choo.

Hapa niongeze jambo linalotuhusu sisi wa pwani. Maji mengi ya visima vyetu, hasa Zanzibar, Mombasa na maeneo mengine yenye mwamba wa matumbawe, ni maji magumu, yaani yenye madini ya chokaa kwa wingi, na yenye pH ya juu, yaani kipimo cha asidi kinachoonyesha maji kuelekea upande wa alkali. Samaki wa dhahabu hayachukii maji magumu, tena huyapenda, lakini pH inapopanda kwa kiwango kimoja, sehemu ya amonia iliyo na sumu kali huongezeka takriban mara kumi. Kiasi cha amonia ambacho mfugaji mwenye maji laini angekivumilia kwa siku mbili, kwa mwenye kisima cha Jambiani, Zanzibar, ni hatari ya usiku mmoja. Kipimo chochote cha amonia au naitraiti kinachozidi sifuri kichukuliwe kuwa ni amri ya kubadilisha maji.

Na maji ya bomba? Hayo yana klorini, inayounguza matamvua na kuwaua bakteria wale wale tuliokaa wiki sita tukiwasubiri. Yakiachwa kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 klorini ya kawaida huondoka, ingawa maji ya mamlaka zinazotumia kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia isiyoondoka kirahisi, huhitaji dawa maalumu ya kuiondoa. Kwa sababu hiyo hiyo sponji ya chujio isioshwe chini ya bomba. Iminywe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa tangini, itoke ikiwa bado na rangi ya kahawia. Nimewaona watu nadhifu sana, wanaosugua kila kitu mpaka kikameta, wakiwapoteza samaki wao kwa unadhifu huo.

Joto nalo lina hesabu yake. Maji yenye nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hushika kama miligramu 7.5, wakati huo huo mwili wa samaki ukihitaji oksijeni zaidi. Samaki wa dhahabu hustawi kati ya nyuzi 18 na 23, na ndiyo maana mwenzetu wa Arusha, Iringa au Limuru ana kazi nyepesi. Hapa Dar es Salaam tangi liwekwe mbali na dirisha la jua, feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji, na pampu ya hewa isizimwe usiku, kwa kuwa usiku mimea ya majini nayo hutumia oksijeni. Alfajiri mtazameni samaki wenu: akiwa juu kabisa, mdomo ukifunguka na kufunga kwenye mpaka wa maji na hewa, anatafuta oksijeni. Wengi hudhani ana njaa, wakammwagia chakula, nacho kikaoza na kuila hata ile oksijeni kidogo iliyobaki. Umeme ukikatika kwa saa nyingi ni hatari hiyo hiyo, hivyo pampu inayotumia betri si anasa.

Kuhusu ukubwa, mimi hupendekeza lita 75 kwa samaki wa kwanza mwenye mwili wa duara na mikia miwili, na lita 40 kwa kila anayeongezeka. Tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 40 hubeba lita 144, yaani pamoja na vioo na mchanga linapita kilo 150, basi meza ya televisheni haifai. Wale wenye mwili mrefu na mkia mmoja hufikia sentimita 30 na mahali pao ni bwawa. Kokoto ziwe kubwa kuliko mdomo wake, kwa sababu huchokonoa chini siku nzima na zile ndogo humkwama kooni. Chakula ni kidogo, mara mbili kwa siku, kile anachokimaliza ndani ya dakika mbili, na njegere iliyochemshwa na kumenywa mara moja moja.

Kwa aliye na samaki kwenye bakuli hivi sasa, asimhamishe kwa pupa wala asiyamwage maji yote. Leo usiku atoe robo ya maji, ajaze yaliyokwisha kulala kwenye ndoo na yenye joto lile lile, na apunguze chakula kwa nusu. Aendelee hivyo kila siku huku akitafuta hata beseni pana la lita 80, ambalo sokoni ni nafuu kuliko tangi la kioo, na akimwomba mfugaji mwenzake kipande cha sponji kutoka kwenye chujio la zamani lenye samaki wazima. Samaki akishawazidi, mrudisheni dukani au mpeni mwenye bwawa, wala msimtie mtoni: huko Burnsville, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mwaka 2021, maofisa walitoa ziwani samaki wa dhahabu waliotupwa, wakubwa kama mpira wa futiboli ya Kimarekani, wakichimbua matope na kung'oa mimea. Maswali yenu nitayapokea sasa.