Sumaku ya neodimiamu: kwanini chuma peke yake hakitoshi

Haya jamani, shikamooni wakubwa, vijana mambo. Wa nyuma sogeeni, hiki kitu ni kidogo.

Hiki kipande cha kijivu ni gadoliniamu, iko kundi la madini adimu. Naleta sumaku hii ya kawaida... mnaona, kinavutwa kiduchu tu halafu kinadondoka. Sasa natumbukiza kwenye barafu, tusubiri kidogo, natoa, nafuta maji, naleta sumaku ileile. Tap! Kimenasa. Kipande ni kilekile, kilichobadilika ni joto tu, maana gadoliniamu ikipita nyuzi 20 hivi usumaku wake unavunjika, na Dar hii hata chumbani tuko 30, wakati chuma mpaka ufike 770 ndo kinaachia.

Na hapa ndo pananikosha mimi. Atomu moja ya gadoliniamu ina usumaku zaidi ya mara tatu ya atomu ya chuma! Sasa mbona inazidiwa na joto la Dar? Ni kwamba elektroni zake zinazobeba usumaku, zinaitwa 4f, zimejificha ndani kabisa ya atomu, hazigusani na za jirani, so atomu zinaelewana kwa kupitia elektroni zingine, na joto likija kidogo tu kila moja inageukia kwake. Za chuma, 3d, ziko nje zaidi, zinaingiliana na za jirani moja kwa moja, kuzivuruga ni kazi.

Ila chuma nacho kina shida yake. Ukikisugua na sumaku kinakuwa sumaku, ukikigonga gonga kinaachia, hakishikilii mwelekeo. Anayejua kushikilia ni neodimiamu, nayo ya kundi hilohilo la madini adimu, kwasababu wingu lake la 4f limebonyea, halina umbo la mpira kama la gadoliniamu, na usumaku wake umefungwa kwenye umbo hilohilo, kwa hiyo ndani ya kristali linakaa upande mmoja na halitaki kugeuka. Weka atomu 2 za neodimiamu, 14 za chuma, 1 ya boroni: chuma ni jahazi lenye mzigo wa usumaku, neodimiamu ni nanga.

Kabla ya hapo, toka miaka ya 1960, watu walitumia samariamu, nayo madini adimu, na kobalti, sumaku nzuri sana na inavumilia joto, lakini mwaka 1978 vita vikazuka jimbo la Shaba, hapo jirani Zaire (sasa Kongo), kulikotoka kobalti nyingi, bei ya kobalti ikapaa, watu wakahangaika kutafuta sumaku inayotumia chuma badala ya kobalti. 1983 Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa General Motors, kila mtu kwa njia yake, wakatangaza mchanganyiko uleule. Leo uko kwenye spika za simu zenu na mota za magari ya umeme.

Sasa najua mtaniuliza Ngualla, kule Songwe, kwenye madini adimu yetu. Ndiyo, neodimiamu ipo, na praseodimiamu, ndugu yake wa kundi lilelile, pia. Kuchimba sio ngumu kihivyo, kazi kubwa ni kuyatenganisha, na kinachosumbua ni ileile 4f iliyojificha: kemikali zinakutana na elektroni za nje tu, na za nje kwa madini haya karibu zote zinafanana, ndo maana kiwandani unarudia hatua ileile mara mamia mpaka upate neodimiamu safi.