Vanishi Kabla ya Rangi: Mhadhara juu ya Kumalizia Chambo Bandia cha Mbao

Ndugu wavuvi na wapenzi wote wa uvuvi wa mshipi,

Mwaka 1936, nchini Ufini, Lauri Rapala, aliyekuwa akiishi kwa kuvua samaki katika Ziwa Päijänne, alichonga kisamaki cha koki kwa kisu cha fundi viatu, akakivika karatasi ya fedha iliyofungiwa chokoleti, kisha, kwa kuwa laka ilikuwa ghali mno kwake, akayeyusha filamu za picha na kukipaka utando wake. Wanaosimulia habari hii hukaa zaidi kwenye kisu na koki. Mimi naona sehemu kubwa ya ufundi wake ilikuwa katika ule utando. Filamu za wakati ule zilitengenezwa kutokana na selulosi, jamii moja na laka nyingi za mbao, kwa hiyo alijipatia ngozi ngumu na angavu ambayo bila yake ile karatasi laini ingechanwa na meno ya samaki wa kwanza.

Nasema haya kwa sababu wengi wetu tunaotengeneza chambo nyumbani tunatumia jioni nzima kuchora magamba, kisha tunapiga vanishi kwa haraka usiku huohuo ili kesho twende majini. Naomba tuanze kufikiri kutokea upande wa vanishi.

Mbao ikinywa maji hufura, na ikifura huipasua rangi kutoka ndani, hata kama juu ilionekana imara. Maji hayo kwa kawaida hayapiti ubavuni. Hupitia kwenye matundu ya skrubu zinazoshika ndoana na kwenye mkato wa ulimi, yaani kile kibapa cha mdomoni kinachokifanya chambo kizame na kucheza, mahali ambapo brashi haifiki vizuri. Kwa hiyo, kabla ya rangi yoyote, toboeni matundu yote na kukata nafasi ya ulimi, kisha zamisheni mbao nzima katika vanishi iliyopunguzwa kwa thina, mwiache ikauke kabisa, na mkwangue kwa msasa laini. Skrubu nazo zifungwe zikiwa zimepakwa gundi ya epoksi kwenye nyuzi zake. Baada ya hapo ndipo inapokuja praima nyeupe, yaani rangi ya msingi, maana rangi nyepesi zikikaa juu ya weupe hung'aa, na zikikaa juu ya mbao tupu hufifia.

Kuhusu rangi zenyewe sitasema mengi. Mgongo uwe mweusi au wa kijani kizito na tumbo liwe jeupe, kwa kuwa ndivyo samaki wadogo walivyo, na mpaka wa rangi hizo mbili ndio unaoonekana vizuri zaidi katika maji yenye tope. Magamba hupatikana kwa kuvuta kipande cha chandarua juu ya ubavu na kupuliza rangi kupitia matundu yake. Wekundu hupotea mapema kuliko rangi nyingine kadiri kina kinavyoongezeka, hivyo mashavu mekundu yana maana kwa chambo kinachokokotwa karibu na uso wa maji, ila kwa chambo cha kuzama mbali ni kazi ya kumfurahisha mchoraji tu.

Sasa turudi kwenye utando wa juu. Epoksi ya sehemu mbili hutoa ngozi nene inayostahimili meno ya nguru na kishindo cha sangara, lakini ina masharti yake. Vipimo vya epoksi na hadina, ile sehemu ya pili inayoigandisha, vifuate maelekezo ya mtengenezaji bila kukisia, kwani hadina ikipungua utando hubaki ukinata daima, na kuizidisha hakuharakishi kukauka. Korogeni polepole, mkikwangua kuta na kitako cha kikombe, ili hewa isiingie kwa wingi. Mapovu yatakayobaki hupasuka mkipitisha moto wa kiberiti cha gesi kwa mbali na kwa haraka, bila kusimama mahali pamoja. Kisha chambo kigeuzwe kama mshikaki, polepole na bila kukoma, hadi epoksi iache kutiririka, la sivyo itajikusanya tumboni.

Sisi tunaofanya kazi hii Tanga, Mombasa au Unguja tuna adui wa ziada, nao ni unyevu wa hewa. Epoksi nyingi zikikauka katika hewa ya masika huota utando wa mafuta au ukungu mweupe, kwa sababu hadina iliyo juu hukutana na unyevu na hewa ya ukaa. Ukungu huo uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na kukwanguliwa kwa msasa kabla ya koti la pili, vinginevyo koti hilo litabanduka. Klia ya magari ya sehemu mbili, yaani vanishi angavu ya kupulizia juu ya rangi ya gari, huvumilia jua kuliko epoksi, ambayo hugeuka njano, lakini mvuke na vumbi lake hudhuru mapafu, na kitambaa cha kuziba pua hakikingi chochote. Asiye na barakoa yenye vichujio vya kemikali asiipulize.

Mwisho, kila koti lina uzito. Chambo kidogo kilichocheza vizuri kikiwa mbao tupu kinaweza kulala ubavu baada ya makoti matatu, hasa epoksi ikinenepa kwenye ulimi. Kwa hiyo kijaribuni kwenye ndoo au karo kikiwa na ndoana zake kabla ya koti la mwisho, mkwangue panapohitajika, kisha mwache utando wa mwisho ukomae kwa siku kadhaa kabla ya kukifunga kwenye mshipi.