Kuiandaa Peugeot 504 kwa safari ya Nairobi hadi Mombasa

Karibuni tena karakanani, watazamaji wetu. Boneti iliyo wazi leo ni ya Peugeot 504 ya kabureta, Pijo yenyewe. Wazee mnaikumbuka: mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 Coupé. Chuma hiki bado kina uwezo wa kukufikisha Mombasa, kilomita karibu 480, ukikitayarisha. Kinachokiangusha njiani mara nyingi ni joto, na ndiyo maana hapo kwenye joto tutakaa sana.

Anza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua kifuniko cha rejeta, tumbukiza kidole. Kikitoka na utelezi wa mafuta, au uji wa rangi ya chai ya maziwa, usiende popote kwanza: huenda gasketi ya silinda hedi imeachia. Hedi ya 504 ni ya alumini, na kuchemka mara moja tu kunaweza kuipinda.

Maji yako safi? Sasa minya mpira wa juu wa rejeta, hivi. Sogeza kamera. Mnasikia unavyokwaruza, kama karatasi kavu? Nje unang'aa, ndani umekwisha. Huu unabaki hapa. Badilisha wa juu, wa chini, na ile midogo ya hita ambayo wengi huisahau.

Twende kwenye feni. 504 nyingi zina feni ya sumaku, inayoshikana na puli maji yakipata moto tu. Washa injini, iache ingurume polepole, mikono mbali. Mwanzoni feni inazunguka kivivu. Subiri... tak! Umesikia? Na upepo umenipiga usoni. Hiyo ni nzima. Usipoisikia na geji ya joto inapanda, zima gari, chomoa nyaya mbili za swichi ya joto pale kwenye rejeta, uziunganishe, kisha washa tena. Feni ikishika, swichi ndiyo mbovu, na waya huo ulioungwa utakufikisha nyumbani. Isiposhika, tazama brashi ya kaboni inayoipelekea sumaku umeme. Huwa inalika, kama za staata.

Upande wa umeme, fungua distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, na pima kwa geji ya vibamba nafasi ya pointi, yaani ncha zinazofunguka na kufunga umeme: milimita 0.4. Halafu nunua kondensa ya akiba na uitie kwenye dashibodi. Ni kikopo kidogo kuliko kidole gumba, lakini kilinilaza njiani karibu na Mtito Andei. Gari lilizima saa nane mchana, likapoa, likawaka, likaenda kilomita kumi, likazima tena. Nilihangaika na petroli saa mbili nzima, kumbe kondensa ilikuwa inakufa kila ikipata joto.

Kwa hiyo gari likizima, usianze kufungua ovyo. Uliza swali moja: limekosa moto, yaani cheche ya plagi, au limekosa petroli? Hakikisha hakuna petroli inayovuja, chukua plagi ya akiba, ichomeke kwenye waya wa plagi, ilaze kwenye chuma cha injini, mwenzako apige staata. Ukiona cheche ya buluu yenye nguvu, moto upo, geukia petroli. Pampu ya 504 imefungwa ubavuni mwa injini, na mchana wa Tsavo petroli inaweza kugeuka mvuke humo ndani. Funika pampu na paipu yake kwa kitambaa kilicholowa maji, ngoja robo saa.

Jambo moja zaidi la njia hii. Nairobi iko juu, mita kama 1,700, hewa ni nyepesi. Kama fundi alikuwekea jeti ndogo, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, ili gari liende vizuri huko, ukishuka pwani petroli itakuwa kidogo ikilinganishwa na hewa, na injini itapata joto zaidi. Rudisha jeti ya kawaida kabla ya kuondoka.

Breki: mwaga mafuta ya zamani, tia mapya. Tairi: soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi; 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikizidi miaka kumi, hata kama kashata bado ni nene, sitaiamini kwa mwendo wa saa saba.

Mwisho, jaribu gari. Nenda Naivasha urudi, maana kile kipandio cha kurudi Limuru kitakuonyesha kila udhaifu. Ukifika, likipoa, toa plagi uzitazame nchani. Nyeupe, petroli ni kidogo. Nyeusi zenye masizi, imezidi. Zikiwa kahawia kama ganda la karanga, jaza tangi, ondoka saa kumi alfajiri, uipite Voi kabla jua halijakaza.